KADI YA GARI IPO KWA MKOPESHAJI NA REJESHO LIMEKWAMA? SOMA HAPA

Wadau, ukipanda Hiace pale Kwa Sadala kuelekea Machame, huenda dereva gari analo ila kadi hana. Kadi ipo kabatini kwa mkopeshaji Moshi mjini. Januari ilikuwa ada, baadaye injini ikafa. Bodaboda nao ni hivyo hivyo. Rejesho likikwama, je, wanaweza kuja kulichukua?

Inategemea ulisaini nini.

Kama gari hukuliweka dhamana, yaani unadaiwa mkopo wa simu au kadi ya mkopo ya benki, hakuna ruhusa ya kutuma vijana waje kulivuta. Mkopeshaji afungue kesi, ashinde, aombe kukazia hukumu. Anayekamata ni dalali wa mahakama mwenye amri. Mwambie akuonyeshe. Polisi siyo wakusanya madeni, deni ni kesi ya madai.

Kama uliliweka dhamana, mkataba ndio unaongea, na hapa ndipo wengi wanalia. Kuna wakopeshaji wa mtaani, hawa wa kausha damu, wanaokusainisha mkataba wa MAUZIANO badala ya mkopo. Siku ukichelewa, karatasi inasema gari uliliuza zamani! Usisaini hiyo kitu, na usiache fomu ya kuhamisha umiliki ikiwa na nafasi tupu. Dai nakala yako, tunza risiti na meseji za malipo. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mkopeshaji lazima awe na leseni, na wanaosimamiwa na Benki Kuu unaweza kuwalalamikia huko.

Sasa ule ujanja wa kuandikisha gari kwa jina la shemeji. Jamani, mahakama inaweza kulizuia gari hata kabla ya hukumu ikiona unahamisha mali ili kukwepa, na likishakamatwa, kuliuza kienyeji ni kazi bure. Ila kama gari kweli ni la shemeji na limekamatwa kwa deni lako, yeye mwenyewe apeleke pingamizi haraka, na kadi yenye jina lake.

Na msidanganyane kwamba chombo cha kazi hakiguswi. Sheria ya Mwenendo wa Madai inakinga nguo, vyombo vya kupikia, vitanda, zana za fundi na za mkulima. Hiace haijatajwa.

Kinachosaidia zaidi ni kuwahi. Nenda kabla rejesho halijapitiliza, omba kupangiwa upya, mwandikishane. Ukishashtakiwa usikimbie wito: ukienda, unaweza kuiomba mahakama ulipe kwa awamu. Usipoenda, kesi inasikilizwa upande mmoja. Hata siku ya mnada, kabla nyundo haijagonga, ukileta deni lote na gharama, mnada unasimama.