Moshi na Makaa: Habari za Ukaushaji wa Samaki Katika Nchi ya Mbeya

Mwalimu mmoja, mwenzetu wa siku nyingi, afundishaye upande wa Kyela, alituletea swali ambalo hatukuweza kumjibu papo hapo. Alikuwa amenunua pipa kuukuu, akampelekea fundi wa mabati alikate mlango upande wa chini na kulitia nyavu za waya ndani, ili akaushe samaki nyumbani kwake na kuwauza, apate kuongeza karo ya mwanawe. Gharama yake haikuwa kubwa, na makaa yalikuwa tele. Akawapanga samaki, akawasha moto, na jioni ile wakatoka wekundu wa kupendeza hata majirani wakamsifu. Siku ya nne tenga zima likanuka, na fedha ya karo ikawa imekwenda humo. Basi akatuuliza: bibi yake hakuwa na pipa wala makaa, na samaki wake walikaa miezi juu ya meko bila kuharibika, alijua nini yule mzee ambacho mjukuu wake mwenye cheti cha ualimu hakijui?

Twaona kwamba swali hili ni la historia kabla ya kuwa la jikoni, na kwa hiyo tumeona vema kuliandikia habari hizi.

Yafaa kuanza na nchi yenyewe. Kyela ni nchi ya chini, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, na uso wa ziwa hili hauzidi mita 500 juu ya usawa wa bahari. Upande wa mashariki imesimama milima ya Livingstone kama ukuta, na kaskazini mlima Rungwe wenye mita 2,960. Mawingu yatokayo ziwani hugonga kuta hizi na kumwaga maji, hata mahali pengi hupata zaidi ya milimeta 2,000 za mvua kwa mwaka. Wakati wa kiangazi usipa, yule samaki mdogo afananaye na dagaa wa maziwa mengine, huanikwa juani naye hukauka vizuri. Lakini mbasa, samaki mkubwa mwenye rangi ya fedha, hupanda mito wakati wa mvua ili akatage mayai, na huo ndio wakati anaovuliwa kwa wingi midomoni mwa mito. Tazama basi jinsi mambo yalivyopangika: samaki mnono huja wakati jua halipo. Aliyetaka kumla mwezi wa pili baadaye, au kumchukua mlimani akabadilishane kwa mahindi na maharage, hakuwa na rafiki mwingine ila moshi.

Tena chumvi ilikuwa adimu. Twajua kwamba watu wa pande hizi waliitengeneza tangu zamani sana, kwa maana huko Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, wataalamu Brian Fagan na John Yellen walichimba mabaki ya mahali pa kupikia chumvi, na taarifa yao ikachapishwa mwaka 1968. Kazi hiyo ilifanywa kiasi cha miaka 600 au 700 iliyopita. Watu walichukua maji na udongo wa chemchemi za chumvi, wakachuja, wakachemsha katika vyungu mpaka chumvi ikabaki. Lakini kitu kilichopatikana kwa kuni nyingi kiasi hicho, kisha kikabebwa mabegani safari ya siku nyingi, hakimwagwi juu ya samaki kwa kilo. Kilitiwa chunguni kwa vidole vitatu. Kwa hiyo kazi ifanywayo na chumvi katika nchi za pwani, huku ilifanywa zaidi na moto.

Chombo chenyewe kilikuwa uchaga tu, yaani fito zilizofungwa juu ya meko, kwa kadiri mtu aliyesimama aweza kuufikia kwa mkono. Moto uliwashwa kwa ajili ya chungu cha chakula, wala hapana kuni zilizochomwa kwa ajili ya samaki peke yake. Moshi ulipofika juu ulikuwa umekwisha kupoa, ukawa vuguvugu. Leo asubuhi kidogo, jioni kidogo, kesho vivyo hivyo, kwa muda wa majuma. Mahindi ya mbegu nayo yalitundikwa humo humo, na wadudu hawakuyagusa. Wale wenzetu Wakisi, wakaao katika ukanda mwembamba kati ya milima na maji, hawana mashamba mapana. Wanawake wao hufinyanga vyungu vinavyosifiwa mbali, na soko la vyungu la Lyulilo, karibu na Matema, lingali mashuhuri. Vyungu na samaki ndivyo vilivyowaletea nafaka kutoka kwa jirani zao, na samaki aliyevunda njiani hakununua kitu.

Hapa tuseme neno juu ya lugha, maana walimu wengi huchanganya. Kuanika ni kutandaza kitu juani au upeponi. Kubanika ni kumweka samaki au nyama karibu na moto juu ya vijiti, na sikio husikia humo neno kubana, kwa kuwa samaki hubanwa katikati ya ubano. Ng'onda ni nyama au samaki aliyekwisha kukaushwa mpaka akawa mkavu kabisa. Kufukiza tumewaachia ubani na udi. Lakini kitendo cha kutumia moshi ili chakula kisioze hatukupata kukisikia kikiitwa kwa kitenzi kimoja kinachokubaliwa na wote. Twasema kwa maneno matatu, kukausha kwa moshi. Labda sababu ni kwamba jambo lenyewe halikuwa kazi ya peke yake. Lilifanyika lenyewe juu ya vichwa vya watu walipokuwa wakipika. Visiwa vya Karibi vilikuwa na uchaga kama wetu. Wenyeji wakauita barbacoa, na Wafaransa wakatumia jina boucan, lililotoka kwa watu wa Brazili. Wawindaji waliokausha nyama juu yake baadaye wakawa wanyang'anyi wa baharini, na jina la uchaga likawagandama hata leo katika lugha za Ulaya. Uchaga wetu haukumpa mtu jina baya kama hilo.

Mabadiliko yalikuja na mji. Dhahabu iligunduliwa katika bonde la Lupa, upande wa Chunya, mwaka 1922, na mji wa Mbeya ukaanzishwa mwaka 1927. Katika miaka ya 1930 watu walimiminika huko kutoka kila upande, nao walitaka kitoweo. Mtu aliyepanga chumba kimoja mjini hakuwa na meko ya mafiga matatu wala uchaga. Alikuwa na jiko la makaa mlangoni. Vyombo vipya navyo vikapatikana. Debe la mafuta ya taa, ambalo jina lake limetoka Uhindi, likishakuwa tupu liligeuzwa kuwa ndoo, kipimo cha mahindi, paa la banda, na tanuri. Pipa, ambalo jina lake tumepewa na Wareno, likafuata, nalo kubwa lachukua lita 200. Hivyo pipa la mwenzetu wa Kyela halikuwa jambo geni. Lina jamaa wengi.

Lakini hapa ndipo kosa lilipoingia, na twaomba msomaji atuvumilie, maana ndilo kiini cha habari yetu. Makaa ni kuni zilizokwisha kutolewa moshi. Mchoma makaa hufunika magogo kwa majani na udongo ili yapate joto bila hewa ya kutosha. Kwanza maji hutoka, kisha siki ya mti na lami, na hivyo ndivyo vitu vinavyofanya ule moshi mzito tuuonao ukipanda kutoka katika matanuri ya porini huko Chunya. Kibakiacho ni kaboni, chenye joto kali na moshi haba. Sasa zile asidi na vitu vya jamii ya fenoli vilivyokwisha kupotea porini ndivyo hasa vinavyozuia ukungu na vijidudu, na kuyazuia mafuta ya samaki yasichache. Mwenye kuweka samaki juu ya makaa matupu amewaoka. Amewapa rangi na ladha ya moto, walakini hakuwapa moshi.

Kosa la pili ni la haraka. Samaki mbichi ana maji kiasi cha robo tatu au zaidi ya uzito wake. Akipigwa na joto kali tangu mwanzo, nje yake hushikana na kuwa ganda, na maji ya ndani hayana njia. Kwa macho ni mkavu. Ndani ni mbichi, tena ana uvuguvugu unaopendwa na vijidudu. Uchaga wa bibi haukuweza kukosea hivyo, kwa sababu ulikuwa mbali na moto, na siku zilikuwa nyingi.

Isidhaniwe kwamba twataka kurudisha moshi nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 1 tu, yaani 2020, watu kiasi cha milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, na wengi wa wakaao karibu na meko ni akina mama na watoto wachanga. Tulio na umri wa kutosha twayakumbuka macho mekundu ya mama zetu. Makaa nayo yana hatari yake: hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na kila mwaka baridi ya Juni na Julai huwashawishi watu wa Mbeya kulala na jiko ndani. Pipa na likae uani.

Afrika Magharibi imetangulia katika jambo hili. Katika kijiji cha wavuvi kiitwacho Chorkor, kando ya mji wa Accra nchini Ghana, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, wataalamu wa chakula wa nchi ile wakishirikiana na Shirika la Chakula na Kilimo walitengeneza tanuri la udongo lenye umbo la sanduku na vyumba viwili vya moto. Juu yake hupangwa tabaka za fremu za mbao zenye wavu, na fremu zenyewe ndizo zinazofanya bomba la moshi. Tabaka la chini hupandishwa juu na la juu kushushwa, hata samaki wote wapate sehemu yao. Kuni chache hukausha samaki wengi. Ukitazama sana utaona ni uchaga ule ule, ila sasa kuna nyumba ndogo ya moshi, na mama amesimama nje yake.

Kwa pipa letu tulifanya hivi, baada ya kuwaharibu samaki wetu wenyewe mara mbili. Pipa tulilichoma kwanza kwa moto mkali ili mafuta na rangi ya ndani viishe. Pipa lililochukua dawa za shamba halifai kabisa, hata likichomwa. Waya uliopakwa zinki tuliuondoa. Samaki tuliwapasua, tukawaosha, tukawalaza saa moja katika maji ya chumvi, kikombe kimoja kwa lita 4, kisha tukawatundika upeponi mpaka ngozi ikawa kavu lakini yanata kidogo kidoleni. Makaa machache tuliyaweka upande mmoja, na chini ya samaki tukaweka sinia, maana mafuta yakidondokea makaa hutoa moshi mchafu wenye vitu viletavyo kansa. Juu ya makaa tukaweka kipande cha mpera mkavu, kisha kingine, na pengine magunzi ya mahindi. Mabanzi ya misonobari, ambayo yapatikana kwa bei ndogo kwa ajili ya msitu wa Sao Hill kule Mufindi, yatakudanganya. Utomvu wake huleta masizi machungu. Tundu la chini tulilizuia kwa jiwe, na jiwe hilo ndilo usukani wa kazi yote, kwa kuwa anayetawala hewa ndiye anayetawala moto. Kwa saa mbili za kwanza joto likae kiasi ambacho mkono juu ya wavu waweza kuvumilia hesabu ya kumi. Baadaye moto uongezwe mpaka nyama iachane na mfupa wa mgongo. Kisha upunguzwe tena, na moshi mwembamba uendelee hata kesho yake, na kesho kutwa ikiwa samaki ni mnene.

Je, mtu atajuaje kuwa wamekauka? Rangi ni shahidi wa uongo. Mizani husema kweli: samaki wa kuwekwa muda mrefu, aliyepimwa baada ya kupasuliwa, yampasa kubaki na kiasi cha theluthi moja ya uzito ule. Aliyebaki na nusu na aliwe juma lile lile, tena achemshwe vema.

Tulimwandikia mwenzetu mambo hayo. Naye akapima samaki mmoja aliyekaushwa kwa namna yake ya kwanza, akaona kwamba ingawa alikuwa mwekundu kama shaba alikuwa amepungua chini ya nusu. Akaanza upya na samaki kumi tu, kwa muda wa siku tatu, akiketi kando ya lile jiwe na madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha. Majibu yake yalitufikia baada ya juma la sita: samaki wanane wangali wazima darini, wawili wameliwa na paka. Aliongeza kwamba mizani ameirudisha kwa mwenyewe, maana alipokuwa akiwatoa wale samaki pipani wawili waligongana kwa sauti kama ya vibao, na hapo akakumbuka kwamba bibi yake, kila alipopandisha mkono kwenye uchaga, aliwagonga samaki wawili kwanza na kusikiliza.