Tangazo Lisilosomeka: Safari ya Haki ya Wenye Ulemavu Hadi Kwenye Tovuti za Serikali

Iwe uko Base Camp, Juru au Rubondo hapa Nakivale, au umekwenda Mbarara kutafuta riziki, leo katika historia tunauliza swali moja. Serikali inapoweka tangazo kwenye tovuti, nani aliamua kwamba hata asiyeona lazima aweze kulisoma?

Makazi yetu ya Nakivale yalianza mwaka 1958, kuwapokea wakimbizi kutoka Rwanda. Siku hizo habari ilitoka mdomoni kwenda sikioni. Leo mambo mengi yamehamia kwenye simu. Ukitaka kufanya biashara kwa kufuata sheria, namba ya mlipa kodi unaiomba kwenye tovuti ya URA. Anayeweza kuifungua anapata. Asiyeweza anamtafuta mtu wa kumjazia fomu, na huyo mtu huenda akataka kulipwa, tena ataona siri zako zote.

Sasa fikiria jirani yako asiyeona. Yeye anatumia simu kwa masikio. Ipo programu inayosoma kwa sauti maandishi yaliyo kwenye skrini. Lakini ofisi ikipiga picha barua yenye muhuri na kuiweka kwenye tovuti, mara nyingi programu haioni maneno, inaona picha tu. Inasema "picha", halafu inanyamaza. Kiziwi naye anakuta video ya kiongozi akizungumza, bila maandishi chini wala mkalimani wa lugha ya alama. Tangazo limetolewa, lakini hao wawili halijawafikia.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1987, watu wenye ulemavu wa Uganda waliunganisha vyama vyao wakaunda NUDIPU. Viziwi, wasioona na wenye ulemavu wa viungo walianza kusema kwa sauti moja. Katiba mpya ilipokuwa ikijadiliwa, walikuwa na mwakilishi wao katika bunge la kuiandika. Katiba ya mwaka 1995 ikatamka, katika kifungu cha 35, kwamba watu wenye ulemavu wana haki ya kuheshimiwa utu wao. Ikataka pia lugha ya alama iendelezwe. Kuanzia mwaka 1996 wakapata viti vitano bungeni, na sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1997 ikawapa nafasi katika mabaraza, mwanamume na mwanamke.

Wakati huohuo, mbali na hapa, intaneti ilikuwa inakua. Mwaka 1999 wataalamu wa mtandao walitoa kanuni za kwanza za kutengeneza tovuti ambazo wenye ulemavu wanaweza kuzitumia. Kanuni zenyewe hazikuwa ngumu: kila picha iwe na maelezo ya maandishi, na majedwali yapangwe ili yaeleweke yakisomwa kwa sauti.

Mwaka huohuo, Bruce Maguire, Mwaustralia asiyeona, alilalamika kwamba hawezi kusoma tovuti ya michezo ya Olimpiki ya Sydney. Waandaaji walijitetea kwamba kuirekebisha kungekuwa na kazi na gharama kubwa mno. Agosti 2000, tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo ikaamua kwamba wamembagua. Walipokosa kurekebisha yote waliyoagizwa, wakaamriwa kumlipa dola 20,000 za Australia. Lalamiko la mtu mmoja likawa mfano uliotajwa duniani kote.

Tarehe 13 Desemba 2006, Umoja wa Mataifa ukapitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Kifungu cha 9 kinataja intaneti kwa jina lake. Kifungu cha 11 kinataka wenye ulemavu walindwe hata wakati wa vita na majanga. Uganda iliuridhia mkataba huo mwaka 2008, na mwaka 2020 ikatunga sheria mpya ya watu wenye ulemavu kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 2006.

Hapa, msikilizaji, tega sikio vizuri. Kifungu cha 41 cha katiba ya Uganda kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Raia. Mkimbizi akisoma neno hilo anaweza kudhani kwamba hana la kudai. Lakini kifungu cha 35 hakisemi raia, kinasema watu wenye ulemavu. Mkataba wa mwaka 2006 nao unahesabu watu, hauulizi kitambulisho. Kwa hiyo mama asiyeona aliyetoka Kivu, au kijana kiziwi aliyetoka Burundi, akiomba tangazo kwa njia anayoielewa, haombi hisani.

Sheria kuandikwa ni jambo moja, kutekelezwa ni jingine. Bado tovuti nyingi zina matangazo ya picha, na nyingi ni za Kiingereza tu. Basi ufanye nini?

Kwanza, simu nyingi za Android zina programu ya TalkBack, bila malipo. Ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya Accessibility, uiwashe. Msaidie jirani aizoee.

Pili, ukikuta tangazo la picha tu, mwambie kiongozi wako wa RWC au ofisi iliyolitoa. Omba jambo moja lililo wazi: maneno yaleyale yaandikwe kama ujumbe wa kawaida, au yasomwe kwa sauti na kurekodiwa. Kwa kiziwi, omba maandishi au mkalimani.

Tatu, msiende mmoja mmoja. NUDIPU ilisikilizwa kwa sababu viziwi na wasioona waliingia mlangoni pamoja. Katika kijiji chako, mnajuana wangapi?

Kama unamjua mtu ambaye hawezi kusoma nakala hii, msomee leo jioni. Hadi kipindi kijacho, kaeni salama.