Tundu la Dakika Moja, Kidonda cha Miezi

Mwezi huu zamu ya kuandika historia imeniangukia mimi, na nimechagua jambo ambalo wengine wataliona dogo: kutoga. Sikio, pua, kitovu, nyusi, mdomo. Hapa Nakivale kila shule zikifungwa utaona vijana wanatogana wenyewe kwa wenyewe nyuma ya nyumba, kwa sindano ya kushonea na kiberiti. Wiki mbili baadaye mmoja wao anatembea na kofia imeshushwa mpaka shingoni, jua kali, kumbe anaficha sikio lililovimba. Wazee wanasema ni uhuni. Baadhi ya wahudumu wa mashirika wanasema ni ujinga. Mimi nasema tuulize historia kwanza.

Nikisoma habari za kutoga nimeona jambo moja linajirudia. Zamani kutoga ilikuwa kazi ya watu wawili: anayetoboa na anayetunza. Anayetoboa anamaliza kwa dakika moja. Anayetunza anakaa na kidonda kwa wiki, hata miezi. Sisi tumebaki na yule wa kwanza, na yule wa pili tumempoteza njiani.

Tuanze mbali. Mwaka 1991, kwenye milima ya Alps mpakani mwa Italia na Austria, watu waliokuwa wakitembea mlimani waliona maiti ndani ya barafu. Walidhani ni mtu aliyekufa juzi tu. Wataalamu walipopima wakakuta aliishi miaka kama 5300 iliyopita. Dunia ilimpa jina la Ötzi. Ndewe zake zote mbili zilikuwa zimetogwa na kupanuliwa, tundu upana wa kati ya milimita 7 na 11. Sasa fikiria. Tundu la namna hiyo halipatikani kwa siku moja. Linatobolewa dogo, linaachwa lipone, ndipo linapanuliwa taratibu. Ukilipanua kabla halijapona ndewe inachanika. Kwa hiyo mtu yule, au mtu wake wa karibu, alijua kusubiri.

Misri nako, kinyago cha dhahabu cha mfalme Tutankhamun, aliyekufa zaidi ya miaka 1300 kabla ya Kristo, kina masikio yenye matundu. Na Wamisri haohao walituachia maandishi ya tiba ya miaka kama 1600 kabla ya Kristo, yanayoitwa Papairasi ya Edwin Smith, ambamo asali inatajwa tena na tena kama dawa ya kupaka kwenye vidonda. Yaani watu waliopenda mapambo walijua pia kwamba ngozi iliyofunguka inahitaji kitu cha kuilinda.

Lakini maandishi yaliyonishangaza zaidi yanatoka India, kwenye kitabu cha kale cha tabibu Sushruta. Humo kuna maelekezo ya kumtoga mtoto masikio. Mtoto anakalishwa mapajani mwa mlezi, anabembelezwa kwa vitu vya kuchezea. Sikio jembamba linatobolewa kwa sindano. Kisha kwenye tundu inawekwa pamba iliyosokotwa, na mafuta yanapakwa. Kila baada ya siku chache pamba ile inabadilishwa, inawekwa nene kidogo kuliko ya kwanza. Kitabu kinaeleza hata dalili za kuonyesha kwamba umetoboa mahali pasipofaa. Ukihesabu maneno, ya kutoboa ni machache. Mengi ni ya kutunza. Na mlezi yupo tangu mwanzo.

Turudi kwetu Afrika Mashariki. Wamaasai hutoboa sikio na kuweka kijiti kidogo, halafu kikubwa kidogo, halafu kikubwa zaidi. Enzi za kamera za filamu, wengine walitumia hata kikopo cha filamu. Pwani, Lamu na Unguja, wanawake walivaa majasi, vipande vya mviringo ndani ya ndewe, mara nyingi karatasi za rangi zilizokunjwa kwa ustadi, na puani kipini. Wamakonde, pande zote mbili za mto Ruvuma, wanawake wao walivaa ndonya kwenye mdomo wa juu. Nayo ilianza na tundu dogo la kijiti, ikaongezwa kadiri miaka inavyokwenda. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, Wamakonde wengi walivuka Ruvuma kuingia Tanzania wakiwa wakimbizi kama sisi. Waliacha nyumba na mashamba, ila alama ya mdomoni haiachwi nyumbani. Mwenye ndonya alivuka nayo.

Na nyumbani kwenu je? Wengi wenu mlitogwa mkiwa wachanga. Bibi au shangazi alitoboa, akapitisha uzi au kijiti cha ufagio, akapaka mafuta, na kila asubuhi akakishika kile kijiti akakizungusha. Baadhi ya mambo hayo leo hatuyashauri, na nitaeleza kwa nini. Lakini tazama kitu kimoja: kila asubuhi kulikuwa na mtu mzima anayeliangalia lile sikio. Likivimba aliona siku hiyohiyo.

Bibi hakujua kuhusu vijidudu, na si yeye peke yake. Madaktari wa Ulaya nao hawakujua. Mwaka 1847 huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaambia wenzake wanawe mikono kwa maji yenye klorini kabla ya kuwagusa akina mama wanaojifungua. Vifo vikashuka sana. Unafikiri walimpigia makofi? Wengi walimpinga, wengine waliona ni matusi kuambiwa mikono ya daktari ni michafu. Mwaka 1867 Joseph Lister, daktari wa upasuaji aliyekuwa Glasgow, akachapisha kazi yake ya kusafisha vidonda kwa asidi ya kaboliki. Mwaka 1889 Mjapani Kitasato Shibasaburo akafaulu kuotesha peke yake bakteria wa pepopunda, wale wanaokaa kwenye udongo na mavi ya wanyama. Ndiyo maana mwiba au sindano iliyoanguka chini si kitu cha kuingiza mwilini.

Halafu ikaja habari ya damu. Miaka ya 1960 Baruch Blumberg na wenzake waligundua virusi vya homa ya ini aina ya B, na mwaka 1976 alipata Tuzo ya Nobel. Mwaka 1981 ukaripotiwa ugonjwa ambao baadaye uliitwa UKIMWI. Mwaka 1989 kikatambuliwa kirusi cha homa ya ini aina ya C. Ndani ya miaka kama 25 tu, sindano moja kupita kwa marafiki watatu ikageuka kuwa jambo la kufa na kupona. Kuipitisha kwenye moto wa kiberiti hakutoshi. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, kwenye damu iliyokauka ambayo hata huioni.

Hapa Uganda chanjo ya homa ya ini B iliingizwa katika chanjo za watoto mwaka 2002. Sisi tuliozaliwa kwingine, au wakati wa kukimbia, huenda hatukuipata kabisa. Hiyo peke yake ni sababu ya kwenda kituo cha afya kuuliza, hata kama huna mpango wa kutoga kitu.

Nchi za Magharibi kutoga kulihama kutoka kwa bibi kukaingia dukani. Mwaka 1975 Jim Ward alianzisha biashara ya Gauntlet huko Los Angeles, na mwaka 1994 ukaundwa huko Marekani umoja wa watogaji wa kitaaluma, ambao moja ya kazi zake ni kufundisha utunzaji wa kidonda. Lakini duka pia linaweza kukosea. Mwaka 2000, jimbo la Oregon, vijana waliotogwa sehemu ya juu ya sikio kwenye kibanda kimoja cha mapambo walipata maambukizi mabaya. Watu 7 walithibitishwa, baadhi wakalazwa, na wengine masikio yao yakabaki yameharibika umbo. Wachunguzi walikuta bakteria walewale kwenye chupa ya dawa ya kuulia vijidudu iliyokuwa ikijazwa upya. Umeona? Dawa yenyewe ilibeba ugonjwa. Kwa hiyo usiniambie "nimepaka dawa" ukadhani umemaliza.

Kwa nini sehemu ya juu ya sikio ni hatari zaidi kuliko ndewe? Ndewe ni nyama laini, damu inafika vizuri. Juu kuna gegedu, na gegedu haina mishipa yake ya damu, inalishwa na ngozi inayoizunguka. Ikivimba na kujaa usaha inakufa, na sikio linajikunja. Ndiyo maana ndewe hupona kwa wiki 6 mpaka 8 hivi, lakini gegedu inaweza kuchukua miezi 6 hadi mwaka, na kitovu vilevile. Nje patakuwa pamekauka na wewe utasema tayari, kumbe ndani bado ni kidonda.

Sasa, historia yote hii inatuambia tufanye nini leo, na jerikani moja ya maji nyumbani?

Sindano iwe mpya, ya mtu mmoja, itupwe baada ya hapo. Hereni ya mwanzo usiazime kwa mtu, hata awe dada yako wa damu. Zile za bei rahisi mara nyingi zina nikeli, ambayo ngozi za watu wengi huikataa. Titani ni bora.

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa. Safisha mara mbili kwa siku kwa maji ya chumvi. Yale ya duka la dawa, yaliyofungwa vizuri, ndiyo mazuri zaidi. Kama hakuna, chemsha maji, yaache yapoe, weka robo kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe kimoja, koroga, na ubaki usiyatunze kwa kesho. Yasizidi chumvi ya machozi. Mengine yote acha: spiriti, dawa ya meno, majivu, mafuta ya kupikia. Spiriti inaunguza hata ngozi mpya inayojaribu kuota. Usioge ziwani mpaka papone. Na usizungushe hereni. Hapo ndipo tunapomsahihisha bibi kwa heshima: kila ukizungusha, unaichana ngozi changa iliyoanza kufunika tundu.

Ute mweupe kidogo unaokauka pembeni ni kawaida. Ishara za hatari zilishaandikwa na Mrumi Celsus karibu miaka 2000 iliyopita: wekundu, uvimbe, joto, maumivu. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tegemea yale matatu mengine. Ukiona yanazidi badala ya kupungua, usaha wa kijani au njano, au homa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Usivue hereni mwenyewe, maana tundu linaweza kuziba na kufungia usaha ndani. Na kama kwenu kuna watu wenye makovu yanayokua na kuvimba kama nundu, yaani keloidi, fikiri mara mbili. Sisi watu weusi tunayapata zaidi, na kuyaondoa ni kazi ngumu, mara nyingi yanarudi.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Lakini mimi, katika kujitolea kwangu hapa kambini, nimeona masikio mengi ambayo yangesikia dawa vizuri tu kama mtu angeyaona mapema. Yaliharibika kwa sababu mwenye nalo alijificha. Aliogopa kugombezwa na mama mlezi, aliogopa kuchekwa na muuguzi mbele ya foleni. Siku ya tatu ilikuwa dawa ndogo, siku ya kumi ikawa kisu.

Kwa hiyo ninyi wahudumu mnaosoma hapa, nawaomba kitu kimoja. Kijana akija na sikio limevimba, tibuni kwanza. Mafundisho yatafuata. Mkianza na kumsema, rafiki zake watano watasikia, na hao hamtawaona tena.

Na sisi vijana: wengi wetu tulifika hapa bila bibi. Wengine bibi alibaki ng'ambo ya mpaka, wengine hatujui alipo. Yule mtu wa pili, wa kuangalia kidonda kila asubuhi, hakuvuka na sisi. Basi tuwe sisi kwa sisi. Napendekeza iwe kanuni ya kikundi: ukimsindikiza rafiki kutoga, umechukua kazi. Utaliangalia sikio lake kila siku mpaka lipone, na likibadilika, ninyi wawili mnaenda kituoni pamoja. Kama huna nafasi ya kufanya hivyo kwa miezi miwili, mwambie asubiri.

Niandikieni chini mnaonaje. Na kama kuna mwenye sikio linalomsumbua sasa hivi, aje kwangu au kwa dada zetu wa afya. Hakuna atakayeulizwa nani alitoboa.