Historia ya Tanzania ambayo hukuisikia darasani: namna ya kuisikiliza kupitia podikasti

Wengi wetu tulitoka shuleni na historia ya nchi iliyokaa kwenye mistari michache: Vita vya Majimaji, TANU, Uhuru, Muungano, Azimio la Arusha. Hayo yote ni ya kweli na ni ya lazima. Lakini kati ya mstari na mstari kuna mambo mengi yaliyotokea Lindi, Kongwa, Kigoma, Kalenga na Tengeru ambayo hata wakazi wa huko hawajapata kuyasikia kwa ukamilifu. Katika makala hii tunaeleza podikasti ni nini, kwa nini inafaa sana kwa historia ya aina hiyo, hadithi zipi uanze nazo, na namna ya kupambanua masimulizi mazuri na porojo.

Podikasti ni nini?

Podikasti ni kipindi cha sauti kinachowekwa mtandaoni ili msikilizaji akisikilize wakati anaotaka. Redio ikirusha kipindi saa tatu usiku na wewe umelala, kimekupita. Podikasti inakusubiri. Unaweza kuisimamisha, kuirudia, au kuipakua kwenye simu ukiwa mahali penye intaneti ya bure na kuisikiliza baadaye shambani au ndani ya basi bila kutumia bando.

Kuhusu gharama, sehemu ya dakika 30 iliyorekodiwa kwa ubora wa kawaida wa mazungumzo (kilobiti 64 kwa sekunde) huchukua kama MB 14 tu. Video ya muda huohuo hula mara nyingi zaidi ya hapo. Ndiyo maana tunawashauri wasikilizaji wa vijijini waanze na sauti.

Kwa historia, podikasti ina faida nyingine kubwa: ina nafasi. Taarifa ya habari ina dakika mbili kwa jambo moja. Podikasti inaweza kumpa mzee dakika 40 aeleze kwa lugha yake, kwa mwendo wake, na hata anaponyamaza msikilizaji anaelewa.

Mifupa ya Tendaguru

Tuanze kusini. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, alikuta mifupa mikubwa mno kwenye kilima cha Tendaguru, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin ilituma msafara wa kuichimba. Wataalamu waliouongoza, Werner Janensch na Edwin Hennig, wanatajwa katika kila kitabu. Wasiotajwa sana ni mamia ya Waafrika waliochimba, waliofunga mifupa kwa uangalifu, na wapagazi walioibeba vichwani na mabegani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilitoka kwa njia hiyo. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani.

Sasa tazama tarehe. Vita vya Majimaji vilikwisha 1907, na njaa iliyosababishwa na kuchomwa mashamba na maghala iliua watu wengi katika maeneo hayohayo. Miaka miwili tu baadaye watu wa huko wakawa wanapanga foleni kutafuta kibarua cha kuchimba mifupa. Jambo hilo huwezi kulijua kwa kuutazama mjusi huyo mkubwa pale Berlin, ambako amesimamishwa tangu 1937 akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13. Podikasti inayofaa kuhusu Tendaguru haiishii kwenye ukubwa wa mnyama. Inauliza nani alibeba, kwa ujira gani, na watu wa Lindi wamepata nini hadi leo.

Fuvu ndani ya mkataba wa amani

Mtwa Mkwawa wa Wahehe anajulikana na kila mwanafunzi. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, majeshi yake yaliangamiza kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski. Ngome yake ya Kalenga ilianguka 1894, naye akaendelea kupigana msituni hadi Julai 1898, alipojipiga risasi ili asikamatwe.

Kisichojulikana sana ni kwamba jina lake limeandikwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Ibara ya 246 iliitaka Ujerumani iikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka 35. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alilitafuta mwenyewe katika makumbusho ya Bremen, na Juni 1954 akamkabidhi mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Leo fuvu hilo limehifadhiwa Kalenga, karibu na Iringa mjini.

Hapa ndipo utapima podikasti unayoisikiliza. Msimuliaji wa haraka atakuambia fuvu lilirudi, basi. Msimuliaji makini ataongeza kwamba Bremen kulikuwa na mafuvu mengi, na kwamba lililochaguliwa lilipatikana kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya jamaa wa ukoo. Kwa hiyo mjadala kama ni lenyewe haujafungwa. Kusema hivyo hakumvunjii heshima Mkwawa. Ni kumheshimu msikilizaji.

Na suala lenyewe si la kale. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine. Ukoo wake unaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na umekitafuta kwa miongo mingi bila kukipata. Mwaka 2023 taasisi ya urithi wa utamaduni ya Berlin ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki, yakiwemo 202 ya kutoka Tanzania. Vipimo vya vinasaba viliwapata ndugu walio hai wa mafuvu matatu kutoka eneo la Kilimanjaro. Novemba mwaka huohuo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea na kuomba msamaha kwa yaliyotendeka wakati wa Majimaji. Kwa familia hizi, historia ni mazishi ambayo bado hayajafanyika.

Kongwa: kutoka karanga hadi ukombozi

Kama ungetaka wilaya moja ibebe podikasti nzima, tungekupeleka Kongwa, mkoani Dodoma.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, ikilenga kulima zaidi ya ekari milioni 3, kwa sababu baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Yaliletwa matrekta yaliyokwisha kuchoka, na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mizizi ya mibuyu iliyashinda. Mvua haikutosha, na wakati wa kiangazi udongo uligeuka mgumu kama sakafu. Mgogo yeyote angewaambia hivyo, kama wangemuuliza. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, ukiwa umeteketeza kama pauni milioni 36.

Hadithi nyingi zinaishia hapo, kwenye kicheko. Lakini majengo yalibaki. Baada ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuiweka Kamati yake ya Ukombozi Dar es Salaam mwaka 1963, Tanzania iliwapa wapigania uhuru eneo la Kongwa. Kuanzia 1964 walipiga kambi hapo FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na MPLA ya Angola. Samora Machel alikaa Kongwa. Sam Nujoma aliijua vizuri. Nachingwea, eneo jingine la karanga, nalo likawa kituo kikubwa cha mafunzo cha FRELIMO.

Redio nayo ilikuwa silaha. Idhaa ya nje ya Radio Tanzania Dar es Salaam iliwapa wapigania uhuru muda wa hewani wa kuzungumza na watu wao nyumbani. Sisi wa kizazi cha sasa cha watangazaji tunaona fahari katika hilo, na pia deni.

Nyingine mbili za kuanzia

MV Liemba. Meli hii ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa makasha kama 5,000 hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, huku mafundi wakiwa wamepaka mitambo grisi. Waingereza waliiibua 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba.

Wapolandi wa Tengeru. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, watu waliofukuzwa makwao Poland na kupelekwa Muungano wa Kisovieti walitoka huko kupitia Uajemi, na maelfu wakaletwa Afrika Mashariki kuanzia 1942. Kambi ya Tengeru, karibu na Arusha, ilipokea kama 5,000. Makaburi yao yapo hadi leo na yanatunzwa. Tanganyika iliwahifadhi Wazungu wakimbizi kabla haijawa nchi huru.

Mambo manne ya kuangalia

Kabla hujaiamini podikasti ya historia, jiulize haya:

1. Je, inataja mahali na mwaka, au inasema "zamani sana" tu?
2. Je, inatenganisha lililothibitishwa na linalosemekana?
3. Je, sauti za watu wa eneo husika zinasikika, au mtangazaji peke yake?
4. Je, wasiojulikana, kama wapagazi, wapishi na wanawake, wana nafasi, au ni magavana na machifu tu?

Ikikosa moja, endelea kusikiliza kwa tahadhari. Ikikosa yote manne, hiyo ni burudani, si historia.

Na wewe unaweza kurekodi

Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walikwenda kusini kuwahoji wazee waliokumbuka Majimaji. Ilikuwa miaka zaidi ya 60 baada ya vita. Wangechelewa miaka kumi zaidi, masimulizi mengi yangekwenda kaburini. Sisi leo tuko katika hali hiyohiyo kuhusu Kongwa: kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1964 sasa amepita 80.

Simu ya kawaida inatosha. Kaa na bibi au babu chumbani pasipo na upepo, weka simu karibu na mdomo wake, na mwombe ruhusa kwanza huku ukimweleza utaifanyia nini sauti yake. Anza kwa jina lake, mahali na tarehe. Uliza swali moja kwa wakati: "Ulikuwa wapi siku hiyo? Mlikuwa mnakula nini?" Usimkatize. Akitaja jina la mtu au la mto, mwombe alirudie polepole. Ukimaliza, hifadhi nakala mbili mahali tofauti, kwa sababu simu hupotea, na mzee hawezi kuahidi kuwepo mwakani.