Nani Mwenye Azimio la Kazi? Walimu wa Kajiado, Kurasa za Wiki na Mali ya Mwajiri

Maandishi mengi kuhusu nyenzo huria za elimu barani Afrika hurudia dai lile lile: mwalimu hachangii kurasa za wiki, yaani tovuti zinazohaririwa kwa pamoja na watumiaji wake, kwa kuwa hana ujuzi, hana kifaa, au hana moyo wa kushirikiana. Dawa inayopendekezwa ni warsha. Mwalimu afundishwe kuhariri ukurasa, aelezwe leseni za Creative Commons, apewe cheti, kisha ahimizwe. Makala haya yanapinga dai hilo, hasa sehemu yake ya tatu. Walimu wa Kitengela na wa maeneo mengine ya kaunti ya Kajiado nchini Kenya hushirikiana kila muhula, tena kwa maandishi. Linalohitaji kuelezwa ni kwa nini ushirikiano huo umeikwepa wiki ukahamia WhatsApp na Telegram.

Kuhusu haja ya nyenzo huria hakuna ubishi. Azimio la Paris la 2012 na Pendekezo la UNESCO la Novemba 2019 yameshalimaliza suala hilo, na sioni faida ya kulirudia. Ubishi uko katika njia. WikiEducator, jukwaa lililoasisiwa mwaka 2006 na Wayne Mackintosh akiwa katika shirika la Commonwealth of Learning, lilijiwekea lengo la kupata mtaala mzima wa elimu ulio huru ifikapo 2015. Kupitia mradi wa Learning4Content lilitoa mafunzo ya kuhariri wiki bila malipo, kwa sharti kwamba mwalimu angerudisha fadhila kwa kuandika somo moja huria. Mwaka 2015 ulikuja ukapita, na mtaala huo haukukamilika. Wanaotetea warsha husema mafunzo hayakutosha. Mimi nasema ni sharti lenyewe lililokosea: lilimwomba mwalimu zawadi, yaani kazi ya ziada isiyohitajiwa na mtu yeyote aliye juu yake.

Jambo kama hilo lilionekana karibu na kwetu. Mwishoni mwa 2009 Google iliandaa shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, likiwalenga wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania. Makala mamia kadhaa ziliandikwa kwa muda mfupi. Zawadi zilipokwisha kutolewa mapema 2010, wengi wa waandishi hao walitoweka. Ujuzi walikuwa nao, kwa sababu waliuonyesha. Walichokosa ni sababu ya kurudi Jumatatu iliyofuata.

Sababu ya namna hiyo mwalimu wa Kajiado anayo, na inaitwa azimio la kazi, yaani mpango wa vipindi vyake vya muhula mzima. Tangu Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) ilipoanza kutekeleza mfumo wa kutathmini utendakazi wa walimu (TPAD) mwaka 2016, mwalimu hutakiwa kuwa na maazimio ya kazi, maandalio ya somo na kumbukumbu za yale aliyofundisha, na naibu wa mwalimu mkuu huyakagua. Januari 2023 sekondari msingi ilipoanza, mzigo uliongezeka. Mwalimu aliyesomea hisabati na fizikia chuoni alijikuta akifundisha Kilimo na hata Sanaa. Idadi ya masomo ilipunguzwa baadaye kutoka 14 hadi 9, kufuatia kazi ya jopokazi la mageuzi ya elimu lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu, lakini katika shule nyingi walimu wa kuyagawana bado ni wachache. Mtu wa namna hiyo hatungi azimio la Kilimo kutoka mwanzo. Huliomba kwenye kikundi, au hulinunua kwa vijishilingi vinavyolipwa kwa M-Pesa, kisha hulikarabati.

Kukarabati huku ndiko ninakotaka kukutazama kwa karibu. Faili moja la azimio la kazi la Kilimo, Gredi ya 7, lililokuwa likitumika Kitengela, linatosha kama mfano. Jina la faili lina neno "mpya" mara mbili na tarakimu 3 kwenye mabano. Juu, nafasi ya shule na ya mwalimu imeachwa vitone vitupu. Safu nyingi zina herufi za Times New Roman, lakini nyingine, hasa za katikati ya muhula, ziko katika Calibri, na hapo ndipo mkono wa pili unapoonekana. Kipindi cha kupanda mboga kilidhani shule ina shamba. Mkono wa pili umeweka magunia na mitungi iliyokatwa, kwa kuwa shule nyingi za mjini zimebanana kwenye ploti za futi hamsini kwa mia. Kipindi cha kuhifadhi maji kilitegemea matuta ya mteremkoni. Sasa kinaanza na mabati, mfereji wa paa na tangi, jambo linaloeleweka kwa mtoto ambaye nyumbani kwao maji huletwa na boza. Nambari za kurasa za kitabu cha kiada nazo zimebadilishwa zote, ishara kwamba faili lilihama kutoka shule inayotumia kitabu kimoja hadi nyingine yenye kitabu tofauti. Safu wima ya maoni, ambayo mwalimu hupaswa kuijaza baada ya kufundisha, imejazwa kwa muhula mzima kabla ya kipindi cha kwanza. Kila somo, inaelekea, litaeleweka vyema.

Mbali na safu hiyo ya mwisho, kazi hii ndiyo wanayoiota watetezi wa wiki: nyenzo imechukuliwa, imerekebishwa kulingana na mazingira, imepitishwa kwa mwingine. Kinadharia pia inafaa. Yochai Benkler alionya mwaka 2005 kwamba kitabu cha kiada hugawanyika kwa shida kuliko makala ya kamusi elezo, kwa sababu kinadai uwiano kutoka mwanzo hadi mwisho. Azimio la kazi halina shida hiyo. Uwiano wake umekwisha kuwekwa na mtaala wa Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala ya Kenya (KICD), na kila safu mlalo ni kipindi kimoja, kipande kinachoweza kuboreshwa na mtu mmoja jioni moja. Mwalimu wa Magadi, penye ziwa la magadi na ukame, angebadilisha safu nne tu na kuacha nyingine jinsi zilivyo.

Basi kwa nini faili hilo haliko kwenye wiki? Jibu langu liko kwenye vile vitone vitupu. Wiki huandika nani alibadilisha nini na saa ngapi. Sisi wasomi tunaihesabu historia hiyo kuwa fadhila, lakini mwalimu aliye kwenye ajira huiona kama ushahidi dhidi yake. Ushahidi wa nini? Kwanza, kwamba azimio analotathminiwa kwalo si lake. Pili, na hili halijazungumzwa vya kutosha, kwamba ametoa mali isiyo yake. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinachukulia kwamba hakimiliki ya kazi iliyotengenezwa na mtu akiwa kazini imehamia kwa mwajiri, isipokuwa kuwe na makubaliano tofauti. Kwa mwalimu wa shule ya umma, mwajiri kwa kawaida ni TSC. Kwa mwalimu wa shule ya kibinafsi, na Kitengela imejaa shule hizo, ni mwenye shule, ambaye huenda anayaona maazimio hayo kama silaha dhidi ya shule ya mtaa wa pili. Kitufe cha kuhifadhi ukurasa wa wiki humtaka mwalimu atangaze, kwa jina la akaunti yake, kwamba anaiachilia kazi hiyo kwa leseni huria. WhatsApp haimwulizi chochote.

Sidai kwamba walimu wamekisoma kifungu cha 31. Wanalolijua ni kwamba kuweka jina ni hatari na kulifuta ni salama, na kwa kiasi kikubwa wako sahihi.

Zipo pingamizi. Ya ubora ndiyo husikika zaidi: sheria iliyounda KICD mwaka 2013 inaipa mamlaka ya kuidhinisha vifaa vya kufundishia, na wiki ingefungua mlango kwa makosa. Lakini makosa yameshaingia. Tofauti ni kwamba katika faili la WhatsApp kosa lililosahihishwa Kitengela huendelea kuzunguka Loitokitok bila kusahihishwa, kwa kuwa hakuna nakala mama. Wapo pia wanaosema leseni huria itawanyima riziki walimu wanaouza maazimio. Itawanyima baadhi yao, naam, ingawa wengi wa wauzaji nao wanauza kazi ya watu wengine. Mtandao hafifu sehemu za Mashuuru na Magadi ni tatizo la kweli, lakini si hoja dhidi ya wiki: programu kama Kiwix huwezesha kurasa kusomwa bila intaneti, na faili lile lile la WhatsApp tayari linafika huko.

Ninachopendekeza hakihitaji warsha hata moja. TSC itoe waraka unaosema kwamba mwalimu anaruhusiwa kuweka azimio la kazi na andalio la somo chini ya leseni huria, na kwamba kurekebisha azimio la mwenzake, akimtaja, ni kazi halali itakayohesabiwa kwenye TPAD. Kwa wale wa shule za kibinafsi, hilo liingie kwenye mkataba wa ajira. Bila hatua hizo sitarajii wiki yoyote ya walimu kudumu nchini Kenya, iwe imejengwa na wageni au na sisi wenyewe. Zikichukuliwa, naamini vikundi vya Kajiado vingehama ndani ya muhula mmoja au miwili, ingawa nakiri kwamba mazoea ya WhatsApp yanaweza kuwa magumu kuliko ninavyokadiria.

Bado kuna kizuizi kimoja ambacho waraka wa TSC hautakiondoa. Safu wima za matokeo yanayotarajiwa katika kila azimio hunakiliwa neno kwa neno kutoka kwa miundo ya mtaala ya KICD. Miundo hiyo hupatikana bila malipo, lakini kurasa zake za mwanzo zina ilani inayokataza kunakili sehemu yoyote bila idhini ya maandishi. Ilani hiyo ikibadilishwa kuwa leseni huria, azimio zima, safu zote, litaweza kuwekwa wazi kihalali. Ikibaki, mwalimu anayeandaa somo kama alivyoagizwa atakuwa anaivunja kila muhula, na KICD nayo itaendelea kutazama kando.