Kadi ya Elfu Kumi: Bibi, Mama na Binti wa Igunga Kwenye Historia ya Bima ya Mtu wa Chini

Ukiwasikia watu wanabishana kuhusu bima ya afya ndani ya daladala, utadhani ni jambo la juzi. Kumbe ni la kitambo, na moja ya safari zake kubwa haikuanzia Dar. Ilianzia Igunga, mkoani Tabora, huko kwa wakulima wa pamba. Twende nayo taratibu kupitia familia moja ya huko: bibi, mama na binti. Majina yao yakae pembeni, maana familia za namna hii ni nyingi sana, na huenda ya kwako imo.

ENZI ZA BIBI: KILA KITU BURE

Bibi alizaa watoto wake miaka ya baada ya Azimio la Arusha la 1967. Serikali ilikuwa inajenga zahanati vijijini na matibabu yalikuwa bure. Mwaka 1977 hata hospitali binafsi za kibiashara zilipigwa marufuku. Ugonjwa wa mtu usiwe duka la mwingine, ndiyo ilikuwa hoja. Bibi neno bima hakulijua. Angelipia nini wakati dawa ni bure?

Mambo yaliharibika uchumi ulipoyumba. Vita ya Kagera ya 1978 hadi 1979 ilikula hela nyingi, mafuta yakapanda bei, serikali ikaishiwa. Jengo la zahanati lipo, mganga yupo, dawa hamna. Dawa zikawa zinaletwa kwa maboksi, na boksi likiisha kabla ya mwezi, basi. Wanakijiji wakawa na utani wao: ukitaka kuugua, ugua tarehe za mwanzo.

Mwaka 1991 hospitali binafsi zikaruhusiwa tena. Mwaka 1993 ikaja uchangiaji, yaani hata hospitali ya serikali unatoa chochote. Watoto wa chini ya miaka mitano na wajawazito waliwekewa msamaha. Waliobaki, mkono mfukoni. Na mkulima wa pamba hela anaiona mara moja kwa mwaka. Malaria yenyewe haisubiri msimu.

MAMA NA ELFU KUMI YAKE

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la Igunga. Mwaka 1996 wilaya hiyo ilikuwa ya kwanza kujaribu Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao wengi tunaujua kwa herufi tatu, CHF. Wazo lenyewe lilikuwa rahisi: lipa wakati wa mavuno, hela ikiwa ipo, ili masika ukiugua usihangaike. Kaya moja, yaani baba, mama na watoto walio chini ya miaka 18, inatoa mchango mara moja kwa mwaka. Kulingana na wilaya na miaka, ulikuwa kati ya shilingi 5,000 na 10,000. Na kulikuwa na kitu kinaitwa tele kwa tele: mnachochanga ninyi, serikali inaongezea kiasi hicho hicho.

Mama alilipa. Pamba ilikuwa imeuzwa, akatoa elfu kumi, akapewa kadi, akaifunga kwenye kitenge kama hati ya shamba.

Masika yakaja, binti yake wa miaka 12 akashikwa na homa. Mama akambeba hadi zahanati, kadi mkononi. Kumuona mganga ikawa bure kweli. Alipofika dirisha la dawa, nesi akamwambia kwa upole, "Mama, dawa zimekwisha. Nenda kanunue dukani."

"Sasa hii kadi nimeilipia nini, mwanangu?"

Nesi hakuwa na jibu.

Haikuishia hapo. Kadi za wakati ule zilikuwa za kituo kile ulichojiandikisha. Ukivuka mpaka wa kata, unaweza kuonekana mgeni. Mambo makubwa kama upasuaji, sehemu nyingi hayakuwemo kabisa. Mume wake alipoumwa ngiri, kadi haikusaidia chochote. Waliuza ng'ombe wawili. Mwaka uliofuata mama hakulipa tena, na hakuna wa kumlaumu.

Wakati huohuo nchi ilikuwa inagawanyika makundi mawili. Mwaka 1999 ilipitishwa sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na mwaka 2001 watumishi wa serikali wakaanza kukatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri naye akitoa asilimia 3. Mwaka huohuo wa 2001 CHF nayo ikapata sheria yake na kusambazwa wilaya nyingine. Mwalimu wa kijiji ana bima inayompeleka hadi hospitali kubwa. Mzazi wa mwanafunzi wake ana kadi inayoishia zahanati. Wote wanaugua malaria ileile.

BINTI NA JINA LA SITA

Yule binti wa homa akakua, akaolewa, akafungua banda la chakula Igunga mjini. Mwaka 2018 ikaja CHF iliyoboreshwa: shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, na kadi ikawa inatambulika kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa kwa utaratibu wa rufaa. Mwandikishaji alikuwa anakufuata na simu yake, anakupiga picha, anakuandikisha palepale.

Kaya ya binti ilikuwa na watu watano. Jina la sita akamwandika mama yake.

Mama akakataa. "Mwanangu, mimi hizo kadi nazijua. Elfu thelathini si bora ununue mchele wa biashara?"

Binti hakubishana, aliandika tu. Alijua kitu ambacho mama hakutaka kukisema: presha ilikuwa imempanda, na alikuwa hajafikisha miaka 60, kwa hiyo hata msamaha wa wazee haukumhusu. Kila mwezi alikuwa anagawa vidonge, anameza siku moja, anaruka siku mbili.

Miezi michache baadaye mama alianguka uani. Zahanati wakampa rufaa. Hospitali alilazwa siku tatu, akapimwa, na kitanda na daktari havikudaiwa hela. Kwenye dawa tatu alizoandikiwa, moja ilikuwepo dirishani. Mbili wakanunua nje.

Jirani akamuuliza ile kadi imesaidia nini sasa. Mama akajibu, "Moja ya kadi, mbili za kununua. Zamani zote tatu za kununua, na ng'ombe juu."

Mwaka uliofuata hela ya kulipia kadi aliitoa yeye mwenyewe, kwa kuuza kuku.

TUMETOKA WAPI, TUNAENDA WAPI

Mwaka 2022 muswada wa bima ya afya kwa wote ulipofika bungeni, mitaani ilivuma namba moja: shilingi 340,000 kwa familia ya watu sita. Mama lishe na bodaboda walishika vichwa. Muswada ukarudi kufanyiwa kazi, na Novemba 2023 bunge likaupitisha kuwa sheria.

Ubishi mkubwa ukawa bei. Bei ni muhimu, hilo halina mjadala. Lakini mwangalie tena yule mama. Elfu kumi ya miaka ile aliitoa bila kulalamika. Aliacha kulipa siku alipofika dirishani akakuta hamna kitu. Na alirudi kulipa baada ya kuona kadi imemlaza kitandani na kumpa walau dawa moja. Mtu wa chini halipii karatasi. Analipia kile kidonge atakachokikuta siku anaumwa.

Bibi alikuwa na bure isiyo na dawa, mama akawa na kadi isiyo na dawa. Binti ana kadi yenye dawa moja kati ya tatu. Mjukuu je, atafika dirishani akute zote?

Nyumbani kwenu jina la sita ni la nani? Dondosha maoni yako hapo chini.