Ngao Iliyoonekana Mkuki: Mashindano ya Manowari kati ya Ujerumani na Uingereza, 1898–1914

Mataifa yenye nguvu hayakosi maelezo ya sababu zinazoyafanya yajilimbikizie silaha. Karibu kila mara hudai kwamba yanajilinda. Wanahistoria wengi wamezoea kulichukua dai hilo kuwa uongo wa wanasiasa, kisha hutafuta sababu iliyofichika nyuma yake: tamaa ya makoloni, ya masoko, au ya sifa. Mashindano ya manowari yaliyotangulia Vita Vikuu vya Kwanza yanaonyesha jambo linalotia wasiwasi zaidi. Dai hilo laweza kuwa la kweli kwa kiasi kikubwa, na vita vikaja vilevile.

Uingereza ilikuwa kisiwa kilichoagiza sehemu kubwa ya chakula chake kutoka ng'ambo. Kwa sheria ya mwaka 1889 ilijiwekea kanuni kwamba jeshi lake la maji lisipungue nguvu za majeshi mawili yanayolifuata yakiunganishwa pamoja. Kwa Waingereza, jambo hilo lilikuwa suala la mkate. Ujerumani, iliyopata kuwa dola moja mwaka 1871 tu, ililitazama kwa upande wa pili: biashara yake ya baharini ilipita mlangoni mwa taifa lililoweza kuufunga mlango huo siku yoyote. Kaiser Wilhelm wa Pili alikuwa amekisoma kitabu cha Mmarekani Alfred Mahan juu ya nguvu za baharini, kilichotolewa mwaka 1890, naye alivutiwa nacho mno. Mwaka 1897 alimkabidhi Alfred von Tirpitz uongozi wa ofisi ya jeshi la maji, na sheria za mwaka 1898 na 1900 zikaamuru ujenzi wa manowari nyingi.

Tirpitz hakutumaini kuishinda Uingereza. Alitaka jeshi kubwa kiasi kwamba Uingereza, hata kama ingelishinda, ingetoka imedhoofika mno mbele ya maadui wake wengine. Kwa hiyo isingethubutu kulishambulia. Nadharia hiyo ilihusu kuzuia vita. Dosari yake ilikuwa kudhani kwamba Uingereza ingekaa kimya ikitazama. Badala yake, ilipatana na Ufaransa mwaka 1904 na Urusi mwaka 1907, ikazirudisha manowari zake nyingi karibu na Bahari ya Kaskazini. Maadui waliotegemewa na Tirpitz waligeuka kuwa marafiki wa Uingereza.

Mwaka 1906 ilishushwa majini manowari Dreadnought, yenye mizinga 10 ya inchi 12 na mwendo wa maili 21 za baharini kwa saa. Manowari zote zilizotangulia zilipitwa na wakati, zikiwemo za Waingereza wenyewe, na Wajerumani wakapata nafasi ya kuanza mbio upya karibu kwenye mstari mmoja na wapinzani wao. Mwaka 1909 hofu iliikumba London. Jeshi la maji liliomba manowari 6. Waliotaka kubana matumizi walikubali 4. Hatimaye zikaagizwa 8. Bajeti ya mwaka huohuo ya Lloyd George ililazimika kulipia pamoja manowari hizo na pensheni za wazee, na mabishano yake yalitikisa bunge zima.

Je, wenye viwanda ndio waliochochea? Kampuni ya Krupp ilipata faida kubwa, tena ilikiunga mkono chama cha kueneza propaganda ya manowari kilichoanzishwa mwaka 1898. Lakini Krupp aliuza chuma. Hofu aliikuta imekwisha kuwapo. Aidha, Ujerumani na Uingereza zilikuwa zikiuziana bidhaa kwa wingi mno. Hoja ya masoko peke yake haitoshi.

Mazungumzo ya Haldane mjini Berlin, Februari 1912, yalivunjika kwa sababu Wajerumani walitaka kwanza ahadi ya kwamba Uingereza haitaingia vitani dhidi yao, na Waingereza walitaka kwanza manowari zipunguzwe. Kwa kweli Ujerumani ilikuwa imekwisha kushindwa mbio hizo, na sheria ya mwaka 1913 ikaelekeza fedha kwa jeshi la nchi kavu. Hapo hofu ilibadilika, ikawa hofu ya kalenda. Urusi ilikuwa ikijenga jeshi na reli, na makamanda wa Ujerumani walihesabu kwamba kufikia 1917 haitawezekana tena kuishinda. Katika baraza la tarehe 8 Desemba 1912, Moltke alisema vita vije mapema iwezekanavyo. Tirpitz aliomba kusubiri mwaka mmoja na nusu, mpaka mfereji wa Kiel upanuliwe. Mfereji ulifunguliwa upya Juni 1914. Fritz Fischer, aliyeandika kuanzia mwaka 1961, na wafuasi wake waliupa mkutano huo uzito mkubwa, pengine kupita kiasi: hofu haikuhitaji njama ili ifanye kazi yake.

Na manowari zenyewe? Zilipambana kwa wingi mara moja tu, huko Jutland, tarehe 31 Mei na 1 Juni 1916. Watu zaidi ya 8,600 walikufa, na hali ya bahari haikubadilika.

Hata hivyo, chuma cha mashindano hayo kilifika mbali. Manowari Königsberg ilipoangamizwa katika mto Rufiji Julai 1915, mizinga yake ilipandishwa nchi kavu, na mmoja ukafikishwa Kigoma na kufungwa juu ya meli Graf von Götzen. Kongo, ambayo Mkataba wa Berlin wa 1885 uliipa nafasi ya kutoegemea upande wowote, ilikuwa imekwisha kupigwa risasi huko Lukuga, yaani Kalemie ya leo, tarehe 22 Agosti 1914. Waingereza nao walileta mashua mbili, Mimi na Toutou (majina ya Kifaransa, Mimi huyo si wa Kiswahili), kwa reli kupitia Elisabethville hadi Fungurume. Kutoka hapo zilikokotwa kuvuka milima ya Mitumba kwa mitambo ya mvuke, kwa ng'ombe, na kwa mikono ya wanavijiji waliokata miti na kujenga madaraja. Mwaka uliofuata, Force Publique iliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Wapagazi Wakongomani waliotumika katika vita hivyo vya mashariki walizidi laki mbili.